Zana za Unix zikigoma ndani ya Windows, kufuta na kuanza upya si dawa

MWANAFUNZI wa sayansi ya tarakilishi anayeishi katika chumba cha kupanga Nchiru, Kaunti ya Meru, karibu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, aghalabu huwa na kipakatalishi kimoja tu, nacho huendeshwa kwa Windows. Mwenzake wa Chuo Kikuu cha Embu, upande wa kusini wa Mlima Kenya, yumo katika hali iyo hiyo. Masomo yao, hata hivyo, yameandikwa kwa lugha ya ulimwengu mwingine. Huagizwa watumie bash, grep, make, ssh na git, zana zilizozaliwa katika mfumo wa Unix na kukuzwa na Linux, ambazo Windows haikuundiwa kuzielewa.

Ili kuunganisha pande hizo mbili, mwanafunzi husakinisha programu ya kati. Kwa miezi kadhaa mambo huenda sawia. Kisha siku moja, na mara nyingi ni wiki ile ya kuwasilisha mradi, zana zinagoma. Amri iliyotii jana leo inatoa ujumbe usioeleweka. Ushauri wa kwanza anaoupata kutoka kwa wenzake au kwa fundi wa saiba ni ule ule: futa kila kitu, usakinishe upya.

Ushauri huo una gharama. Kupakua zana hizo upya huweza kula mamia ya megabaiti, au hata gigabaiti kadhaa, za data za simu zilizonunuliwa kwa fedha za matumizi. Jambo baya zaidi ni kwamba kufuta kunaweza kuondoka na kazi yenyewe, kama itakavyoelezwa. Na baada ya hasara hiyo yote hitilafu hurejea pale pale, maadamu chanzo chake hakikuwemo katika kile kilichofutwa.

Ili kuelewa kwa nini, yafaa kujua zana hizi zimekaaje ndani ya Windows. Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kuandika upya zana za Unix ziwe huru kwa kila mtu, na mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi jijini Helsinki, akatoa kiini cha Linux. Windows ilifuata njia yake ikirithi desturi za DOS: diski zenye majina ya herufi kama C:, mkwaju unaoegemea upande wa pili katika majina ya folda, na namna yake yenyewe ya kumaliza mstari wa maandishi.

Daraja la Cygwin lilianzishwa mwaka 1995 na Steve Chamberlain katika kampuni ya Cygnus, iliyonunuliwa baadaye na Red Hat. Cygwin si Linux. Kiini chake ni maktaba moja, faili iitwayo cygwin1.dll, inayokaa katikati kama mkalimani. Zana ikiomba jambo kwa desturi za Unix, maktaba hiyo hugeuka na kuliomba jambo lilo hilo kwa desturi za Windows. MSYS2 ni tawi la mti huo huo, lenye msimamizi wa vifurushi aitwaye pacman aliyeazimwa kutoka Arch Linux. Git ya Windows nayo imejengwa juu ya MSYS2, kwa hivyo wapo wengi wanaotumia zana za Unix kila siku bila kujua.

Wamo pia wasiosomea tarakilishi kabisa. Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hadhi kamili mwaka 2016, kilichipuka kutoka chuo cha kufunzia maafisa wa kilimo, na kilimo kingali sehemu kubwa ya utafiti wa eneo hilo. Mtafiti wa mahindi au wa mbolea anayechanganua takwimu zake kwa programu ya R hulazimika wakati mwingine kusakinisha Rtools, mkusanyiko wa zana za kujengea vifurushi vya R, ambao tangu mwaka 2020 umeegemea MSYS2. Rtools ikigoma, ni zana za Unix zilizogoma.

Daraja la karibuni zaidi ni WSL, lililoletwa na Microsoft yenyewe ndani ya Windows 10 mwaka 2016. Toleo lake la pili, lililowafikia watu wote mwaka 2020, halina mkalimani. Huendesha kiini halisi cha Linux ndani ya mashine pepe. Tofauti hii si ya kinadharia tu. Dawa ya Cygwin haitibu WSL, na ya WSL haitibu Cygwin, ilhali fundi asiyejua ni daraja lipi lililovunjika hana budi kubahatisha.

Nani anayeitika?

Swali la kwanza la kujiuliza zana inapokataa kutii si "kuna kosa gani?" bali "ni programu ipi iliyoitika?" Katika Windows kuna orodha ya folda iitwayo PATH. Mtumiaji akiandika jina la amri, mfumo huzipitia folda hizo moja baada ya nyingine, na programu ya kwanza yenye jina hilo ndiyo huitika. Zilizo nyuma yake hazipewi nafasi.

Hapo ndipo mgongano hutokea. Windows ina programu yake iitwayo find, ambayo hutafuta neno ndani ya faili. Unix nayo ina find, ila yake hutafuta faili ndani ya folda. Jina ni moja, kazi ni mbili tofauti. Mwanafunzi akiandika amri ya find jinsi mwongozo wa Linux unavyomwelekeza, kisha aone ujumbe unaoanza kwa herufi kubwa FIND ukilalamikia mpangilio wa amri, ajue Windows ndiyo iliyojibu. Hali ni hiyo hiyo kwa sort. Hata bash yaweza kuwa na sura mbili katika mashine moja: ile ya Git, na ile iliyo katika folda ya System32 ambayo hufungua WSL.

Kujua nani anaitika ni kazi ya sekunde chache. Katika dirisha la amri la Windows huandikwa where find, na katika bash huandikwa type -a find. Majibu huorodhesha programu zote zenye jina hilo kwa mpangilio wake. Iwapo ya kwanza siyo iliyotarajiwa, ugonjwa umepatikana, na tiba yake ni kubadilisha mpangilio wa folda katika PATH au kuita zana kwa anwani yake kamili. Hakuna hata baiti moja ya kupakuliwa.

Cygwin ina ugonjwa mwingine wa ukoo huu. Baadhi ya programu ndogondogo za Windows huja na nakala zao binafsi za cygwin1.dll, aghalabu za zamani. Mtu akisakinisha programu ya namna hiyo, mashine hujikuta ina wakalimani wawili wasioelewana, na zana huanza kufa moja moja. Akifuta Cygwin na kuisakinisha upya, nakala ile ya kale inabaki palepale, kwa kuwa haikuwa ndani ya folda ya Cygwin. Amri ya cygcheck -s huikagua mashine na kutoa onyo ikikuta nakala zaidi ya moja. Nayo cygcheck -c huorodhesha vifurushi vyote na toleo la kila kimoja, ikieleza kama ni kizima au kimepungukiwa na kitu. Ni ajabu kwamba zana hii imo katika kila usakinishaji wa Cygwin, ilhali ni wachache wanaoigusa kabla ya kufuta.

Pengine mtumiaji wa Cygwin hukutana na ujumbe unaotaja neno fork. Katika Unix, programu inapotaka kuanzisha nyingine huweza kujigawa, ikazaa nakala yake kamili kwenye kumbukumbu ya mashine. Windows haina jambo hilo. Cygwin hulazimika kuliigiza kwa kuunda programu mpya na kuipangia kila maktaba mahali pale pale ilipokuwa katika programu mama. Programu ya kukinga virusi ikijipenyeza katikati na kusogeza maktaba moja tu, nakala hukosa kulingana na mama yake, nayo kazi hukatika. Dawa ni kufunga madirisha yote ya Cygwin kisha kukiendesha tena kisakinishi chake, ambacho hupanga upya maktaba hizo kikimaliza. Ikiwa hilo halitoshi, programu ya kukinga virusi ielekezwe isiiguse folda ya Cygwin. Kuizima kabisa, kama wengine wanavyoshauri, ni kuacha mlango wazi kwa sababu ya panya mmoja.

Herufi isiyoonekana

Hitilafu inayosumbua zaidi ya zote, na ambayo haina uhusiano wowote na usakinishaji, hutokana na herufi ambayo jicho haliwezi kuiona.

Mwishoni mwa kila mstari wa maandishi tarakilishi huweka alama. Unix hutumia alama moja, nambari 10 katika jedwali la herufi. Windows hutumia mbili, 13 ikifuatwa na 10, desturi iliyotoka enzi za mashine za chapa, ambapo alama moja ilirudisha kichwa cha mashine mwanzoni mwa mstari na ya pili ikasogeza karatasi. Skripti iliyoandikwa kwa mhariri wa Windows ikipelekwa kwa bash, alama ile ya 13 husomwa kama sehemu ya amri. Bash hutafuta amri ambayo jina lake lina mkia usioonekana, haiipati, nayo hulalamika. Ujumbe wa kosa huwa na herufi \r ndani yake, na huo ndio unaopaswa kuwa mwanga kwa msomaji.

Chukua mfano wa mwanafunzi mwenye faili ya vipimo vya mvua vya Runyenjes, msimu wa Machi hadi Mei na ule wa Oktoba hadi Desemba, iliyohifadhiwa kutoka Excel. Anataka kuchagua siku zilizo na neno "ndiyo" mwishoni mwa mstari. Grep inamjibu kwamba hakuna hata moja. Macho yake yanaona neno hilo mara mia. Hapa hakuna ujumbe wa kosa kabisa, na ndiyo sababu hitilafu hii ni hatari kuliko zile zinazopiga kelele. Skripti inaweza kumaliza kazi, ikatoa jedwali safi lenye hesabu zisizo sahihi, na hesabu hizo zikaingia katika tasnifu.

Amri ya file ikifuatwa na jina la faili humwambia mtumiaji kama mistari inamalizika kwa desturi ya Windows. Jibu hutaja CRLF. Zana iitwayo dos2unix huiondoa alama ya ziada. Pasipo dos2unix, amri ya sed -i 's/\r$//' ikifuatwa na jina la faili hufanya kazi hiyo hiyo, ingawa ni busara kutunza nakala ya faili kwanza.

Git nayo huchangia fujo hii. Kisakinishi chake cha Windows, mtumiaji akikubali kila kinachopendekezwa, huweka mpangilio wa kugeuza mistari kuwa ya Windows kila faili zinaposhushwa kutoka hifadhi. Skripti iliyoandikwa vizuri na mhadhiri kwenye Linux humfikia mwanafunzi ikiwa imebadilishwa, kisha hukwama inapoendeshwa ndani ya WSL. Kila mmoja humlaumu mwenzake. Mstari mmoja tu katika faili ya .gitattributes, *.sh text eol=lf, hukomesha ubishi huo kwa kundi zima.

Kuhusu majina ya folda maelezo ni mafupi. Diski ya C: huitwa /cygdrive/c katika Cygwin, /c katika MSYS2 na Git, na /mnt/c katika WSL, kwa hivyo mwongozo wa daraja moja haufai kunakiliwa kwenda jingine bila kusomwa. Katika Cygwin na MSYS2, amri ya cygpath hutafsiri anwani za upande mmoja kwenda upande wa pili. Nafasi kati ya maneno ni mtego mwingine: folda iitwayo Mazao ya Embu huonekana kwa bash kama vitu vitatu, isipokuwa jina lote lifungwe ndani ya alama za kunukuu. Wapo waliokwama tangu siku ya kwanza kwa sababu tu Windows yao ilisajiliwa kwa majina mawili.

Kusasisha bila kubomoa

Hoja ya kusasisha si anasa. Septemba 2014 ilibainika kwamba bash, zana inayotumika duniani kote, ilikuwa na kasoro iliyomwezesha mvamizi kuendesha amri zake kwenye mashine ya mwingine. Kasoro hiyo, iliyopewa jina la Shellshock, ilikuwa imelala humo tangu 1989. Masahihisho yalitolewa haraka, lakini yangemfaa yule tu aliyesasisha.

Mwanzo wa makosa katika kusasisha ni kunakili faili moja kutoka kwa rafiki au kutoka tovuti isiyojulikana, na kuibandika juu ya ile ya zamani. Kila zana hutegemea maktaba, na kila maktaba hutegemea nyingine. Ukibadilisha moja peke yake, unavuruga nyumba nzima. Mfano mzuri ulitokea kwa curl, zana ya kupakua ambayo Microsoft imekuwa ikiiweka ndani ya Windows yenyewe tangu 2018. Programu za ukaguzi wa usalama ziliilalamikia kwamba ni toleo lenye kasoro, na baadhi ya wasimamizi wakaifuta au wakaibadilisha kwa mikono. Mwaka 2023 mwanzilishi wa curl, Daniel Stenberg, aliwaonya hadharani waache, kwa kuwa faili hiyo ni mali ya Windows na kuichezea kulivuruga usasishaji wa Windows yenyewe. Zana iliyoletwa na Windows husasishwa na Windows, ile ya Cygwin husasishwa na Cygwin.

Cygwin haina amri ya kusasisha kutoka ndani. Kisakinishi kile kile cha mwanzo, setup-x86_64.exe, ndicho husasisha. Mtumiaji hufunga madirisha yote ya Cygwin, hukiendesha, na kwa kawaida hubonyeza tu kuendelea. Kisakinishi hulinganisha kilichopo na kilicho kipya, kikapakua tofauti peke yake. Kikionya kwamba faili fulani inatumika, maana yake kuna dirisha au huduma iliyoachwa wazi. Aifunge kwanza. Akilazimisha kuendelea, asizitumie zana zake mpaka aizime mashine na kuiwasha tena, la sivyo nusu ya zana zitakuwa mpya na nusu za kale.

Katika MSYS2 amri ni pacman -Syu, na kwa kawaida huhitaji kurudiwa. Mara ya kwanza husasisha msingi, kisha humwomba mtumiaji afunge madirisha. Akifungua tena, arudie amri ile ile ili vifurushi vilivyobaki vifuate. Wengi huishia mara ya kwanza, wakadhani wamemaliza. Kosa jingine ni kusasisha kifurushi kimoja tu kwa haraka. Pacman haikubuniwa kwa matumizi hayo.

Sasa umeme. Embu imepakana na mabwawa ya Seven Forks kwenye Mto Tana, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yanayozalisha sehemu muhimu ya umeme wa taifa, lakini ujirani huo hauwakingi wakazi dhidi ya giza, kama ilivyodhihirika usiku wa Agosti 25, 2023 umeme ulipokatika karibu kote nchini. Kipakatalishi chenye betri iliyochoka kikizimika katikati ya kusasisha, pacman huacha nyuma kufuli: faili ndogo iitwayo db.lck katika folda ya /var/lib/pacman. Umeme ukirudi, kila amri ya pacman hukataa ikidai haiwezi kuifunga hifadhidata. Kwa wengi huo ndio mwisho, nao hufuta kila kitu. Kumbe kufuli hiyo haina maana tena. Mtumiaji ahakikishe hakuna pacman nyingine inayoendelea, aifute faili hiyo moja, kisha arudie pacman -Syu.

Aliyekaa mwaka au zaidi bila kusasisha huweza kukuta pacman ikikataa sahihi za vifurushi. Sahihi hizo ni ulinzi. Huthibitisha kwamba kifurushi kimetoka kwa wenyewe. Funguo za kuzikagulia hubadilika, kama ilivyokuwa Juni 2020 wasimamizi wapya wa MSYS2 walipoanza kutia sahihi vifurushi na watumiaji wakalazimika kusakinisha funguo mpya kwanza. Tiba ni kusasisha kifurushi cha funguo kwa kufuata maelezo ya mradi wenyewe. Ushauri wa kuzima ukaguzi wa sahihi, ingawa hufanya ujumbe utoweke, haufai kufuatwa.

Git ya Windows ina amri yake, git update-git-for-windows, na mtumiaji anaweza kujua toleo alilonalo kwa git --version. Rtools huendana na toleo la R: mwenye R 4.3 anahitaji Rtools43, na kumlazimisha atumie ile ya 4.0 ni kumtafutia makosa. WSL husasishwa mara mbili. Amri ya wsl --update hushughulikia daraja lenyewe, ilhali vifurushi vya Ubuntu vilivyo ndani yake hubaki vilivyo mpaka mtumiaji aandike sudo apt update na kisha sudo apt upgrade.

Yupo pia anayesasisha kwa usahihi lakini seva inamkatalia, ikidai cheti cha usalama si halali. Septemba 30, 2021 cheti kikuu kilichotegemewa na tovuti nyingi zinazotumia huduma ya Let's Encrypt kiliisha muda, na zana za kale zisizokijua kile kilichochukua nafasi yake zikaanza kukataa tovuti zisizo na kosa lolote. Hapo dawa ni kusasisha. Lakini katika mashine kuukuu za mitumba, zile ziitwazo ex-UK, chanzo mara nyingi ni kidogo mno: betri ndogo ya duara kwenye ubao mkuu imekufa, saa ya tarakilishi imerudi miaka mingi nyuma, na kila cheti kinaonekana kama ambacho hakijaanza kutumika. Kabla ya jambo jingine lolote, mtumiaji aitazame tarehe kwenye pembe ya skrini.

Mashine hizo kuukuu zina mpaka mwingine usioweza kurukwa. Cygwin 3.3 ndilo toleo la mwisho lililokubali Windows za biti 32, na toleo la 3.5, lililotoka mwaka 2024, liliziacha Windows 7 na 8. Microsoft yenyewe ilikoma kuihudumia Windows 7 Januari 2020, na msaada wa kawaida kwa Windows 10 ulifika kikomo Oktoba 14, 2025. Mwenye mashine ya namna hiyo hana hitilafu ya kutengeneza. Ana uamuzi wa kufanya: abaki na toleo la mwisho linalokubalika, ambalo tovuti ya Cygwin hueleza linapopatikana, au aweke Linux yenyewe na kuachana na madaraja.

Ikiwa baada ya yote hayo haibudi kufuta, kuna mambo ya kulinda kwanza. Faili za mtumiaji wa Cygwin kwa kawaida hukaa katika folda ya home iliyo ndani ya folda ya Cygwin yenyewe. Anayefuta folda nzima hufuta na mradi wake. Katika WSL amri ya wsl --unregister huondoa mfumo mzima wa Linux pamoja na kila kilichohifadhiwa humo, nayo haitumi chochote kwenye pipa la taka. Kabla yake huandikwa wsl --export Ubuntu D:\nakala.tar, ambayo hukusanya kila kitu katika faili moja iwezayo kurejeshwa baadaye kwa wsl --import. Amri ya rm ni kali vivyo hivyo. Ikielekezwa /mnt/c au /cygdrive/c, hufuta nyaraka za Windows zenyewe, zikiwemo picha na barua, bila kuuliza.

Na kwa wanaokaa wanne katika ploti moja, si lazima wote wanne wanunue data. Kisakinishi cha Cygwin kina chaguo la kupakua bila kusakinisha. Mmoja akiwa chuoni, kwenye mtandao wa bure, huchagua hilo na vifurushi vikajikusanya katika folda moja. Folda hiyo pamoja na kisakinishi hunakiliwa kwenye flashi, na wengine watatu huchagua kusakinisha kutoka folda iliyo kwenye mashine. Inakiliwe nzima, bila kuacha faili ya orodha inayoanza kwa jina setup, kwani bila hiyo kisakinishi hakitajua kilichomo.